Mdogo wangu ameandikiwa PCOS (ugonjwa wa homoni unaovuruga ovari na hedhi): vipimo vimetosha? Na dawa hizi ni za nini hasa?

Nyota ya Kisauni

Assalam aleikum jamani. Naomba majibu ya wanaolijua jambo hili kwa undani.

Mdogo wangu ana miaka 24, hajaolewa. Alivunja ungo akiwa na miaka 13. Mwaka uliopita aliingia mwezini mara 5 tu, na mara ya mwisho ni siku 112 zilizopita. Ana nywele ngumu kidevuni na chini ya kitovu, chunusi za taya zisizoisha, na shingo kwa nyuma imepiga weusi. Uzito kilo 74, urefu sm 158, kiuno sm 91, presha 118/76.

Altrasaundi ilipigwa juu ya tumbo. Ripoti yasema ovari ya kulia ml 13, ya kushoto ml 9, vifuko vidogo vingi pembeni, utando wa ndani wa mji wa uzazi mm 9. Damu haikupimwa hata tone. Akaandikiwa metformini mg 500 mara tatu kwa siku pamoja na vidonge vya kupanga uzazi. Metformini alikunywa siku nne, tumbo likamwendesha, akaacha. Vidonge vya uzazi mama amevikataa katakata: msichana hajaolewa, vitamfunga kizazi. Hapo hapo kuna mtu Marikiti anauza chupa ya "kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe" kwa shilingi 3,500, na mama ameshaanza kuitafutia pesa.

Je, kweli ni PCOS au tumekisia? Ni vipimo gani vimerukwa? Na dawa zile zilikuwa sawa?

---

Bi Mkunga

Wa aleikum salaam dada. Nianze na neno "uvimbe", maana ndilo linalowaponza wengi na ndilo linalouza hizo chupa.

Kila mwezi ovari huamsha vifuko vidogo kadhaa vyenye mayai. Kimoja huwatangulia wenzake, hukua mpaka karibu mm 20, hupasuka na kuliachia yai. Kwenye PCOS vifuko huanza safari vingi kwa pamoja, halafu vyote hukwama vikiwa na mm 2 hadi 9. Vile "vifuko vingi pembeni" kwenye ripoti ndivyo hivyo: mayai yaliyosimama njiani. Si majimaji ya kuyeyushwa, si uvimbe wa kukatwa, wala si fibroidi. Jina lenyewe lapotosha kwa sababu mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliueleza ugonjwa huu kwa kuangalia sura ya ovari, na jina likabaki kwenye sura.

Chimbuko liko kwenye homoni. Mwili wa wengi wao hauisikii insulini vizuri, basi kongosho hutoa zaidi ili sukari ishuke. Insulini hiyo ya ziada huichochea ovari itengeneze androjeni, yaani homoni za kiume, kwa wingi, na wakati huo huo hulifanya ini litoe kidogo ile protini inayoishika testosteroni kwenye damu, iitwayo SHBG. Testosteroni isiyoshikwa ndiyo inayoleta nywele za kidevu na chunusi za taya. Weusi wa shingo pia ni kazi ya insulini. Tafadhali msiusugue kwa dodoki wala jiwe, si uchafu, na kila ukisugua ngozi hukomaa na kuzidi weusi.

Sasa utambuzi. Kwa mtu mzima zinatakiwa dalili mbili kati ya tatu: hedhi iliyovurugika, androjeni zilizozidi (kwa macho au kwa damu), na ovari zenye sura ile kwenye altrasaundi. Hedhi huhesabiwa imevurugika ikiwa ni chini ya mara 8 kwa mwaka, au mizunguko inapita siku 35. Mdogo wako ana mara 5, na nywele anazo. Mbili tayari. Altrasaundi haikuwa ya lazima kwake, na hili nalisema kwa sababu wengi hulipia picha mara tatu na hawana pesa ya damu iliyobaki.

Hata hivyo picha yake inafaa. Kipimo ni ovari moja kufika ml 10, na ya kulia ina 13. Kwa msichana ambaye hajaolewa hupigwa juu ya tumbo, na hapo kuhesabu vifuko huwa si kwa uhakika, hivyo hutegemewa ujazo. Kibofu lazima kijae: maji kiasi cha lita moja, amalize saa nzima kabla, asiende haja. Kibofu kikiwa tupu utumbo hufunika ovari na ripoti huja na maneno "haikuonekana vizuri". Kwa wasichana ambao hawajatimiza miaka 8 tangu kuvunja ungo, picha isitumike kabisa, maana ovari zao kwa kawaida huwa na vifuko vingi. Kwao zinatakiwa hedhi iliyovurugika na androjeni zilizozidi, vyote viwili.

Kilichorukwa ni sharti la pili: kuondoa magonjwa mengine yanayojifanya PCOS. Hivi ndivyo vya kuomba:

Kipimo cha mimba kwanza. Asihisi ametuhumiwa, kila mwanamke aliyekosa hedhi hupimwa. Kisha TSH ya tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa, zote mbili zikiharibika husimamisha hedhi. Prolaktini hupanda kwa mfadhaiko na kwa dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, hivyo akae atulie kidogo kabla ya kuchomwa. Kama anatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, aviache angalau siku mbili kabla, maana huvuruga majibu ya tezi. Halafu 17-OHP, asubuhi mapema, kuangalia ugonjwa wa kurithi wa tezi za juu ya figo. Ikiwa chini ya nmol/l 6 kwa kawaida jambo hilo limeondoka. Mwisho testosteroni pamoja na SHBG.

Na hapa kukataa kwa mama kumewasaidia bila ya yeye kujua: damu ya androjeni lazima ichukuliwe kabla ya vidonge vya uzazi. Vikishaanza hushusha testosteroni, na mtu hulazimika kuviacha miezi 3 ndipo apimwe.

Sukari nayo ni lazima, na si ya kutoboa kidole asubuhi tu. Anayotakiwa ni ya kunywa gramu 75 za glukosi. Siku tatu kabla ale wanga kama kawaida yake, akijinyima majibu hupanda kwa uongo. Usiku asile saa 8 au zaidi, maji tu. Asubuhi achukuliwe damu, anywe glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji ml 250 hadi 300 ndani ya dakika 5, akae kwenye kiti, na baada ya saa 2 achukuliwe tena. Asitoke kwenda sokoni kungoja, kutembea hushusha majibu. Ya saa 2 ikiwa mmol/l 7.8 hadi 11.0 mwili umeanza kushindwa, 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ni rahisi zaidi lakini hapa kwetu Pwani kina mtego: mwenye selimundu, upungufu wa damu, au aliyeongezwa damu karibuni, huweza kupata namba isiyo kweli.

Jambo moja la haraka. Nywele zikizuka kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, au kinembe kikakua, hiyo si PCOS ya kawaida. Aende hospitali wiki hiyo hiyo, uvimbe unaotoa androjeni utafutwe.

---

Mfamasia Ganjoni

Bi Mkunga amemaliza upande wa vipimo. Mimi naingia kwenye dawa.

Siku 112 bila damu ndilo jambo la kwanza kushughulikia, kabla hata ya uzito. Yai lisipotoka, homoni ya projesteroni haitengenezwi, na estrojeni peke yake huendelea kuunenepesha utando wa ndani wa mji wa uzazi mwezi baada ya mwezi. Ukiachwa hivyo miaka, hatari ya saratani ya utando huo hupanda. Kwa umri wake hatari ni ndogo, lakini ni ya kuzuilika kabisa, ndiyo maana kanuni ni moja: zisipite siku 90 bila damu.

Kama kipimo cha mimba hakina kitu, dawa ya kuleta damu ni medroksiprojesteroni mg 10 mara moja kwa siku, siku 10 hadi 14. Damu huja ndani ya siku chache hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho, na huenda ikawa nzito kuliko kawaida. Isipokuja kabisa, arudi kwa daktari, kuna jambo jingine. Dawa hii kwa mtindo huu haizuii mimba, na P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, haiwezi kuchukua nafasi yake. P2 za mara kwa mara huivuruga hedhi zaidi.

Vidonge vya kupanga uzazi: mwambie mama kwa upole kwamba kilichoandikwa ni homoni ya tiba. Vina projestini ya kuulinda utando, na estrojeni yake hulifanya ini litoe SHBG kwa wingi, testosteroni ikashikwa. Hakuna kidonge kingine kinachofanya kazi zote mbili, hedhi na nywele, kwa bei hiyo. Kizazi hakifungwi. Akiviacha, mwili hurudi kwenye mwenendo wake ule ule wa zamani, na hapo ndipo dhana ilipozaliwa: msichana hedhi yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo, vidonge vikaificha, alipoviacha ubovu ukaonekana, lawama ikaangukia kidonge. Vya kawaida vyenye etinilestradioli mikrogramu 30 vinatosha. Vile vyenye siproteroni na mikrogramu 35 havianziwi, kwa sababu ya hatari ya damu kuganda.

Asitumie ikiwa ana kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga au mistari machoni, presha 140/90 kwenda juu, au amewahi kuganda damu mguuni au mapafuni. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu hatapata kinga ya kutosha. Na kama mama akikataa mpaka mwisho, njia ya pili ipo: medroksiprojesteroni siku 10 hadi 14 kila baada ya miezi 2 au 3. Utando utalindwa, ila nywele na chunusi hazitaguswa.

Metformini ni dawa ya kuusaidia mwili uisikie insulini. Imeandikwa vibaya, dawa yenyewe haina kosa. Hakuna tumbo linalopokea mg 1,500 siku ya kwanza. Mpango ni huu: mg 500 katikati ya chakula cha usiku, wiki ya kwanza mpaka ya pili. Tumbo likitulia, aongeze mg 500 asubuhi katikati ya chakula. Wiki moja au mbili tena, aongeze nyingine. Wengi huishia 1,500 au 2,000 kwa siku. Mwisho kabisa ni 2,500. Hatua ikimsumbua, arudi nyuma hatua moja na akae hapo muda mrefu zaidi. Ipo pia ya kutoka polepole, yatuliza tumbo sana, lakini imezwe nzima, isivunjwe wala isitafunwe. Akiona ganda kama kidonge kwenye choo asishtuke, dawa imeshatoka ndani yake.

Kabla ya kuanza apimwe kreatinini ya figo. Akipatwa na kutapika na kuharisha kwingi, asimamishe mpaka aweze kula na kunywa. Akiitumia kwa miaka, vitamini B12 iangaliwe. Na nyumbani waambieni: kutumia metformini hakumaanishi ana kisukari.

Kuhusu chupa ya 3,500: hakuna uvimbe wa kuyeyusha, na kilichomo ndani hakijulikani, hivyo hakuna atakayeweza kukwambia kinagonganaje na metformini. Vile vya kuingiza ukeni ni vibaya zaidi, huunguza na kuua bakteria wanaoulinda uke. Uwatu, mdalasini na habasoda kwa kiasi cha kupikia havina shida, ila ushahidi wa kuvifanya tiba hautoshi. Pesa hiyo ielekezeni kwenye TSH na prolaktini.

---

Kijana wa Makupa

Dawa zote hizo za nini? Aache wali, ugali, mahamri na kila chenye wanga kwa miezi mitatu. Kilo zikishuka hedhi itarudi yenyewe.

---

Lishe Pwani

Ndugu yangu, nusu ya maneno yako ni kweli. Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 huwarudishia wengi hedhi. Kwa kilo 74 hiyo ni kilo 4 hadi 7 tu, wala si lazima afike uzito wa shuleni. Lakini hakuna mlo mmoja uliothibitishwa kuishinda mingine yote kwenye PCOS, na kumfungia msichana wa Mombasa wali na mahamri yote ni kumpangia kushindwa. Atashikilia wiki tatu, utafika mwaliko wa arusi, atakula sahani mbili za biriani na kujichukia. Wenye PCOS huzongwa zaidi na huzuni na wasiwasi, na pia na kula kwa pupa baada ya kujinyima. Mlo unaoongeza hilo haufai hata ukishusha kilo.

Tuangalie kilicho mezani. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Kwa hiyo chai peke yake imemaliza fungu. Soda ya ml 300 ina kama gramu 30 nyingine, na juisi ya ukwaju au ya embe iliyotiwa sukari haipishani sana. Hapa ndipo pa kuanzia, kabla ya wali: kijiko kimoja badala ya vitatu, kishushwe polepole ndani ya mwezi, na kahawa chungu ibaki chungu, bila halua pembeni. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda lakini si maji. Moja kwa siku yatosha.

Mahamri na mbaazi: wengi hula mahamri matano na kuchovya kwenye mbaazi kidogo. Geuza. Mahamri mawili, bakuli zima la mbaazi, na yai. Mbaazi, kunde na pojo zina protini na nyuzi, huifanya sukari ipande polepole. Tui liwe la pili, lile jepesi.

Sahani ya mchana: nusu yake mboga, yaani mchicha, bamia, biringani, kisamvu, kachumbari. Robo samaki, kuku au maharagwe. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au muhogo, kiasi cha ngumi yake mwenyewe. Aanze na mboga na samaki, wali uwe wa mwisho, mpangilio huu peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo. Samaki wa kupaka au wa mchuzi kuliko wa kukaanga. Viazi karai, bhajia na kaimati viwe vya siku maalumu, visiwe kitafunio cha kila alasiri.

Mwendo: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kuongea lakini si kuimba. Kama lengo ni kupunguza kilo, alenge 250 kwenda juu. Jua letu halina huruma, basi iwe baada ya alfajiri au kuelekea magharibi. Mama Ngina pana nafasi na upepo. Dakika 10 za kutembea baada ya chakula cha usiku zina faida ya pekee, misuli hunyonya sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Na asisahau misuli yenyewe, siku mbili kwa wiki zisizofuatana: mitungi miwili ya lita 5 ikijazwa maji ni kilo 5 kila mkono. Kuchuchumaa na kuinuka mara 10, kuinua mitungi mpaka kifuani mara 10, kusukuma ukuta mara 10, mzunguko huo mara tatu.

Mizani ikigoma, kiuno kipimwe kwa utepe mara moja kwa mwezi. Sm 91 zikishuka kuelekea 80, insulini imeanza kusikilizana na mwili hata kilo zikiwa zile zile. Nami nasisitiza: wembamba nao hupata PCOS. Kwao kushushwa uzito si tiba, na kuwaambia "kula kidogo" ni kuwadhuru.

---

Nyota ya Kisauni

Mungu awabariki, nimeyachapisha yote nimsomee mama. Mmegusa jambo nililoogopa kuuliza. Ana mchumba, na ndoa ni baada ya Ramadhani inshallah. Upande wa mume wameanza kunong'ona kuhusu watoto. Je, atazaa? Aanze dawa za kupevusha mayai sasa hivi? Na zile nywele za kidevu afanyeje? Na metformini wakati wa kufunga?

---

Bi Mkunga

Dada, wengi mno wenye PCOS huzaa. Mayai yapo, tena ni mengi. Shida ni kutoka kwa wakati. Miongoni mwa sababu zote za kuchelewa kupata mimba, hii ni katika zile zinazotibika vizuri.

Asianze dawa ya kupevusha sasa, na asinunue dukani bila uangalizi. Kwanza amalize vipimo, damu irudi, sukari ijulikane. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku aanze mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kutafuta mimba. Wakishaoana, kwa sababu hedhi yake haieleweki, hana haja ya kungoja mwaka mzima ndipo aonane na daktari.

Dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli: mg 2.5 kwa siku, siku 5, kuanzia siku ya 3 ya hedhi. Yai lisipotoka, mzunguko unaofuata hupandishwa 5, kisha 7.5. Karatasi ya ndani ya boksi itasema ni dawa ya saratani ya matiti. Ndiko ilikoanzia, wasiogope. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake 750 wenye PCOS: waliopewa letrozoli, asilimia 27.5 walijifungua watoto hai, na waliopewa klomifeni, dawa ya kupevusha ya tangu zamani, asilimia 19.1. Bado wapo wanaoandikiwa klomifeni kwanza kwa mazoea tu. Zote mbili zinaweza kuleta mapacha, ndiyo sababu ya kuangaliwa kwa altrasaundi.

Vijiti vya mkojo vya kutafuta siku ya yai humdanganya mwenye PCOS. Vinapima homoni ya LH, ambayo kwake huenda ikawa juu siku zote, hivyo huonyesha mistari miwili wiki nzima. Kipimo cha kweli ni projesteroni ya damu siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kile cha "siku ya 21" ni cha mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa mzunguko wa siku 40 ni siku ya 33. Nimeona majibu mengi ya "yai halikutoka" ambayo kosa lake ni tarehe.

Na kabla ya kidonge chochote cha kupevusha, mume apimwe mbegu. Ajizuie siku 2 hadi 7, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, isipoozwe. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, na ni dhuluma mwanamke kunywa dawa miezi sita huku upande wa pili haujaangaliwa.

Akishika mimba, aseme mapema kliniki kwamba ana PCOS. Kisukari cha mimba na presha huwapata zaidi, hivyo sukari ipimwe mwanzoni, na ile ya gramu 75 irudiwe wiki ya 24 hadi 28.

---

Ngozi na Nywele

Nijibu la kidevu. Kunyoa hakuzidishi nywele. Ncha iliyokatwa ni butu, ndiyo maana huhisi ngumu. Uzi na halawa ya sukari hufaa, ila ngozi yetu huacha madoa meusi na vipele pale nywele inapoota kwa ndani, basi asivute mahali penye chunusi inayochemka.

Leza ipo, lakini aulize aina kabla ya kulipa. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu hupita chini zaidi na hainyonywi sana na rangi ya ngozi. Nyingine zinaweza kuunguza na kuacha mabaka. Vikao ni vingi, huachana wiki kadhaa, na androjeni zikiwa hazijashushwa nywele hurudi.

Vidonge vya uzazi vipewe miezi 6 kabla ya kuvihukumu, unywele una mzunguko mrefu. Visipotosha, daktari huongeza spironolaktoni, lakini hiyo ni marufuku bila kinga ya mimba: humdhuru mtoto wa kiume tumboni katika kuumbwa kwake. Kwa bibi arusi anayetaka mtoto upesi, aiache.

Kwa weusi wa shingo asipake krimu za kung'arisha za vibandani. Baadhi zina zebaki au steroidi kali. Steroidi hukondesha ngozi, na yenyewe huotesha nywele, yaani anaongeza kile anachokikimbia. Insulini ikishuka, weusi hufifia taratibu kwa miezi.

---

Mfamasia Ganjoni

La Ramadhani ni jepesi. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, hivyo kufunga kunawezekana. Kama atakuwa kwenye dozi mbili, moja wakati wa futari na moja wakati wa daku. Kama ni tatu, ile ya mchana iunganishwe na ya futari: mg 1,000 futari, mg 500 daku. Ya kutoka polepole ya mara moja kwa siku iwe futari. Zote katikati ya chakula. Akimeza juu ya tende na maji peke yake tumbo litachafuka usiku mzima. Vidonge vya uzazi achague futari au daku, saa ile ile kila siku.

Asianze metformini wiki ya kwanza ya Ramadhani. Aanze sasa, mg 500 ya usiku, ili mwezi ukiandama tumbo liwe limeshaizoea.